Alama Katika Maji ya Mgongo

Msomaji wangu, ndani ya mgongo wako, hivi sasa usomapo maneno haya, mna maji. Si mengi. Ukiyakusanya yote yaliyomo katika uti wa mgongo na yale yauzungukayo ubongo wa mtu mzima, hayapati kujaza kikombe kikubwa cha chai: ni mililita 150 au karibu na hapo. Ni maangavu kama maji ya mvua yaliyotuama juu ya jani. Hutengenezwa ndani ya ubongo, yapata nusu lita kila siku, kisha hurudi katika damu, hata kwa usiku mmoja na mchana wake hubadilika mara tatu au zaidi. Kazi yake ni kuukinga ubongo usigonge mfupa, na kuchukua taka zake. Watu wengi wa nchi yetu huyasikia siku moja tu, siku mtoto anaposhikwa na homa ya uti wa mgongo na daktari akaomba ruhusa ya kuyachota; na hapo huyaogopa, kwani kuna wanaodhani kuwa aliyechotwa maji ya mgongo hatatembea tena. Mimi nimepata riziki yangu kwa maji hayo muda wa miaka mingi. Nataka kukusimulia habari ya vichupa viwili, kimoja cha mama mmoja mwalimu na kingine changu mwenyewe, na aibu niliyoipata baina ya viwili hivyo.

Nalizaliwa katika vilima vya Taita. Nilisoma kemia, na mwaka 2004 nikapata nafasi ya kwenda Uskoti kujifunza namna protini zipimwavyo katika maradhi. Nilipofika nilipewa kuuchunguza ugonjwa ambao nyumbani sikuwahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Jina lake ni maltipo sklerosisi, maana yake ni makovu magumu mengi. Aliyeueleza waziwazi ni daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, mwaka 1868, alipolinganisha maradhi aliyoyaona kwa wagonjwa walipokuwa hai na makovu aliyoyakuta katika bongo zao walipokwisha kufa.

Umepata kuona waya wa umeme uliovaa mpira? Mishipa yetu mingi ya fahamu huvaa vivyo hivyo. Vazi lake ni la mafuta na protini, nalo huitwa maelini. Katika ugonjwa huu askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kulishambulia vazi hilo. Pale linapotatuka, habari itokayo ubongoni kwenda mguuni huchelewa njiani au hupotea kabisa. Mtu huamka asubuhi jicho moja limeingia ukungu; baada ya wiki kadhaa ukungu huondoka, naye husahau. Mwaka unaofuata vidole hufa ganzi. Kisha miguu huwa mizito. Aghalabu huanza kati ya miaka 20 na 40, wakati mtu anapojenga maisha yake, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume, mara mbili au tatu. Duniani wako wagonjwa karibu milioni 2.9. Karibu na ikweta ni wachache. Kaskazini ni wengi. Katika visiwa vya Orkney, vilivyo juu ya ncha ya Uskoti, hesabu iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha wagonjwa wapatao 4 katika kila watu 1,000, nacho ni kiasi kikubwa kupita karibu kila mahali palipohesabiwa.

Kutoka visiwa hivyo ndiko alikotoka yule mama. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, umri wake miaka 38, mtu wa maneno machache na kicheko cha ghafula. Nalimwita Mwalimu, kama ilivyo desturi ya kwetu, naye akalipenda jina hilo. Kwa muda wa miaka minne mwili wake ulikuwa ukimfanyia vituko: ganzi, kizunguzungu, mguu wa kushoto uliokataa kupanda ngazi. Mmoja alimwambia kuwa ni uchovu. Mwingine alimwambia kuwa ni huzuni. Picha ya ubongo iliyopigwa kwa mashine ya sumaku ilionyesha madoa meupe mawili, lakini madoa ya namna hiyo huweza kuletwa hata na kipandauso. Kwa hiyo aliletwa katika hospitali tuliyokuwa tukifanyia kazi, achotwe maji ya mgongo. Aliulizwa kama atakubali sehemu ya maji hayo itumike katika uchunguzi wetu, akakubali.

Sasa lazima nikuambie maji hayo yalitazamiwa kusema nini. Mjerumani Heinrich Quincke ndiye aliyeonyesha, mwaka 1891, kuwa yaweza kuchotwa kwa sindano iingizwayo chini mgongoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha na zimebaki nyuzi za fahamu tu zikielea. Baadaye, mwaka 1937, Arne Tiselius wa Uswidi alieleza njia yake ya kuzitenga protini kwa nguvu za umeme, kila moja ikienda kwa mwendo wake. Akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1948. Elvin Kabat wa New York aliichukua njia hiyo akaitia katika maji ya mgongo, na mwaka 1942 yeye na wenzake wakatangaza kuwa katika maji ya wagonjwa wa maltipo sklerosisi protini za jamaa ya kingamwili zimezidi kuliko ilivyostahili. Kufika miaka ya 1960 njia ilikuwa imetengenezwa vizuri zaidi, na ule wingi ukaonekana kuwa si wingu moja, bali ni mistari, mmoja hapa, mmoja pale, kama mistari ya daftari. Kila mstari ni kazi ya ukoo mmoja wa chembechembe za kinga zilizofanya kambi ndani ya ubongo. Mistari hii huonekana kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 wa Ulaya ya kaskazini, na hata leo madaktari huitegemea.

Lakini mistari hiyo haitoshi. Kaswende iingiapo ubongoni huweza kuileta. Malale, ugonjwa wa mbung'o tuujuao sisi, nao huweza kuileta. Mistari husema kuwa kuna moto ndani ya nyumba. Haisemi ni nani aliyeuwasha, wala haisemi kama nyumba itaungua yote au chumba kimoja. Tena wako wagonjwa wasio na mstari wowote. Mwalimu alikuwa mmoja wao. Maji yake yalitoka safi, bila mstari hata mmoja, na madaktari wakabaki pale pale walipokuwa.

Ndipo utaona kwa nini watu wengi walikuwa wakitafuta, nami miongoni mwao, protini moja ambayo kuwapo kwake kungesema: huyu anao, yule hana. Kazi yenyewe ni ngumu kuliko isikikavyo. Lita moja ya maji ya damu, chembe zake zikiondolewa, ina protini gramu 70 hivi. Lita moja ya maji ya mgongo haifiki hata nusu gramu. Na katika hicho kidogo, zaidi ya nusu ni albumini, protini moja ya kawaida isiyokuwa na habari kubwa ya kutupa. Zilizobaki ni mamia na maelfu, nyingine chache mno. Ni sawa na kusimama nje ya soko la Kongowea asubuhi, ukatafuta kusikia mtu mmoja anong'onaye, ilhali wachuuzi wote wanapiga kelele. Tone moja la damu likianguka kutoka katika sindano, kelele huzidi na mnong'ono hupotea.

Mashine tuliyotumia ilikuwa na ujanja ambao naupenda mpaka leo. Tone la maji huwekwa juu ya kibamba cha chuma, likakaushwa, kisha likapigwa kwa mwali mkali wa mwanga. Protini huruka, zikakimbia ndani ya bomba lisilo na hewa. Iliyo nyepesi hufika mwisho mapema, iliyo nzito huchelewa. Kwa kupima muda wa safari, mashine hujua uzito wa kila moja na kuuchora kama mlolongo wa vilele vya milima. Nalikaa mbele ya vilele hivyo siku nyingi, nikilinganisha vya wagonjwa na vya wazima.

Wazima wenyewe ni shida kuwapata, kwani ni nani mwenye afya atakayekubali kudungwa mgongoni kwa ajili ya udadisi wa mtu mwingine? Niliona si haki kuwaomba wengine nami nimekaa. Nikajitoa. Nililala ubavu, magoti yamekutana na kidevu, nimejikunja kama mtoto tumboni mwa mama yake, na ule usemi wetu wa mtaka cha mvunguni ukanijia kichwani, nikacheka, daktari akanikemea nisitikisike. Sindano yenyewe si mbaya kama inavyovumishwa. Ni mkandamizo mzito, halafu cheche moja mguuni. Baadaye niliumwa na kichwa siku mbili kila nilipoketi wima. Maji yangu yaligawanywa katika vichupa vidogo, kila kimoja nusu mililita, vikatiwa nambari, vikawekwa katika friza kubwa ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Tangu siku hiyo sijapata kukishika kichupa cha mtu kama kitu cha duka.

Ungedhani hivyo, msomaji. Ngoja.

Katika wiki aliyochotwa Mwalimu friza kubwa ilikuwa imejaa. Mimi ndimi niliyepokea kichupa chake, nami ndimi niliyekiweka katika friza ndogo ya kawaida, ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mfano wa ile itumiwayo kuhifadhi nyama. Humo mlikuwa na vichupa vingi vya wagonjwa wa zamani. Niliwaza: barafu ni barafu. Nilinuia kukihamisha baadaye, na baadaye ilikuwa miezi mingi.

Mwaka 2006 nilikiona kilele. Palikuwa na protini ndogo iitwayo sistatini C, ambayo wakati wote huwamo katika maji ya mgongo. Uzito wake ni daltoni 13,300 hivi. Lakini katika maji ya wagonjwa wengi palichomoza, kando yake, kilele kingine cha daltoni 12,500, kana kwamba sistatini ile imekatwa kipande. Katika maji ya wazima hakikuwapo. Nalirudia kupima, kikawapo. Nikapima tena usiku, peke yangu, kikawapo. Na mwaka huo huo watafiti wa Marekani wakatangaza katika jarida kubwa la madaktari kuwa sistatini C iliyokatwa, ya uzito huo huo, ni alama ya maltipo sklerosisi. Sijui kama umepata kutafuta kitu kwa miaka miwili, kisha ukamsikia mtu wa mbali akikitaja kwa jina. Nilimpigia baba yangu simu Taita, nikamwambia mambo ambayo hakuyaelewa, naye akanipongeza kwa sauti kubwa hata jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Vichupa huandikwa nambari, si majina, ili apimaye asijue anapima maji ya nani. Lakini nambari ya Mwalimu naliijua, kwa kuwa nalikipokea kichupa chake mwenyewe. Nikakitafuta kilele chake. Kilikuwapo, kirefu kuliko vyote.

Wiki chache baadaye alikuja hospitali kupimwa macho. Tulikutana ukumbini. Aliniuliza, kwa upole, kama maji yake yamesema neno. Mimi si daktari. Sikuwa na ruhusa ya kumjibu, wala kilele changu hakikuwa kimepimwa na mtu mwingine yeyote katika nyumba ile. Nilipaswa kumwambia kuwa mambo hayo aulize daktari wake. Badala yake nikamwambia: "Mwalimu, tumeipata alama, nayo imo katika maji yako."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi kina jina." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake.

Katika maabara yetu palikuwa na fundi mmoja mzee, aliyekuwa karibu kustaafu, mtu ambaye wanafunzi walimwona kuwa msumbufu kwa maswali yake. Nilipomwonyesha michoro yangu hakuitazama sana. Aliuliza tu, "Vichupa vya wagonjwa vilikaa wapi? Na vya wazima vilikaa wapi?" Nikamjibu: vya wagonjwa, vingi vimo katika friza ndogo, vya wazima, kwa kuwa ni vipya, vimo katika kubwa. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama bado ninacho kichupa cha maji yangu mwenyewe ambacho hakijafunguliwa. Ninacho, nikasema. "Kiweke katika friza ndogo," akasema, "usikiguse mpaka nikuambie."

Miezi ilipita. Nilikitoa siku ya mvua, nikakiyeyusha, nikalipiga tone lake mwali. Mstari ulipochorwa mbele yangu, nilikiona kilele cha sistatini mahali pake. Na kando yake, kwenye daltoni 12,500, nikaiona alama ya maltipo sklerosisi ikichomoza katika maji ya mtu mwenye afya, kijana wa Taita, aliyekimbia maili tatu asubuhi ile ile. Kichupa kingine cha maji hayo hayo, kilichokaa katika nyuzi 80, hakikuwa nayo.

Hapakuwa na siri tena. Sistatini C ni mnyororo wa shanga 120, tukiziita amino asidi shanga. Katika baridi isiyotosha, maji ya mgongo huonekana yameganda, lakini ndani yake kazi haijasimama. Kitu fulani huendelea kukata polepole, na shanga 8 za mwanzo hudondoka. Yaliyobaki huwa na uzito wa daltoni 12,500. Hatukuwa tumeupima ugonjwa. Tulipima friza. Mwaka 2007 watafiti wengine wa Ulaya walitangaza katika jarida lile lile kuwa kukatika kwa sistatini C hakuhusiani na maltipo sklerosisi, na kuwa kisa ni namna maji yalivyohifadhiwa. Siwacheki wale wa Marekani. Jambo hilo liliwapata watu wenye ujuzi kunishinda mara nyingi, nao walilitoa hadharani ili wengine walipime. Mimi nililitoa ukumbini, kwa mtu mmoja asiyeweza kulipima.

Mwalimu alikuwa amekwisha rudi kwao. Nilimwomba daktari wake ruhusa ya kwenda kumweleza, nikapewa ruhusa na karipio pamoja, na vyote viwili nilivistahili. Meli huondoka Scrabster, hukata mkondo wa bahari wenye mawimbi makali, na baada ya saa moja na nusu hufika Stromness. Nchi ile haina miti ila michache, upepo hauiachi. Alinifungulia mlango mwenyewe, amevaa fulana ya sufu, akafanya chai. Nikamweleza yote: friza ndogo, friza kubwa, kichupa changu, shanga nane.

Alisikiliza mpaka mwisho. Ndipo aliponiambia kuwa aliporudi kutoka hospitali siku ile, aliandika barua kwa wakuu wa shule yake kuomba kuacha kazi. Alifikiri: kama ugonjwa una jina hilo, ni heri watoto wapate mwalimu mwingine mapema kuliko waone huyu akianguka mbele yao. Barua ilikwisha kujibiwa. Darasa lake lilikuwa na msichana kutoka Aberdeen, mwalimu mzuri, akasema, hana neno naye.

Nilitaka kuomba radhi, maneno hayakutoka kwa mpango. Yeye akasema, bila hasira, "Ningalipenda uniambie kuwa hujui. Hilo ningaliweza kulichukua. Nimelichukua miaka minne." Kisha akaniuliza kama yamebaki maji yake. Nikamwambia kuwa yamebaki, lakini yameharibika kwa kazi ile, kwa sababu ya pale nilipoyaweka. Akatazama dirishani muda mrefu. Chai ilipoa.

Labda unauliza, msomaji, kama alama ya kweli ilipatikana hatimaye. Zipo zilizopatikana, ingawa hakuna ile moja tuliyoiota. Iko protini iitwayo neurofilamenti nyepesi, ambayo ni kipande cha mfupa wa ndani wa mshipa wa fahamu. Mshipa ukivunjika humwagika katika maji ya mgongo, na kwa mashine za siku hizi huonekana hata katika damu, ijapokuwa ni kidogo mno. Nayo haitaji jina la ugonjwa, kwani huvuja katika kila ajali ya ubongo. Lakini humwonyesha daktari kama moto unazidi au unapungua, na kama dawa inafanya kazi. Ziko pia sehemu ndogo za kingamwili ziitwazo minyororo myepesi ya kapa: katika kanuni za kuutambua ugonjwa zilizosahihishwa mwaka 2024, na kuchapishwa mwaka 2025, zimekubaliwa kusimama mahali pa mistari ile ya zamani. Na mwaka 2022 uchunguzi wa damu ya askari wa Marekani, waliochaguliwa kutoka katika jeshi la watu zaidi ya milioni 10, ulionyesha kuwa ugonjwa hufuata baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu sote tunavyo. Kwa nini basi wengi wetu hatuugui? Hapo kazi bado iko mbichi.

Iliyo karibu nasi zaidi ni nyingine. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani na Japani waligundua kingamwili moja katika damu ya watu ambao macho yao na uti wa mgongo vilishambuliwa pamoja. Mwaka 2005 ikajulikana kuwa hulenga protini ipitishayo maji katika ubongo, akwaporini ya 4. Watu hao kwa miaka mingi walikuwa wakiitwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, kumbe ni ugonjwa mwingine, nao huwapata watu weusi kuliko wazungu. Tena baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi huwazidishia maradhi. Hebu fikiri: jina lisilo sahihi, likifuatwa na dawa isiyo sahihi, huweza kumpofusha mtu. Tangu nirudi Kenya mwaka 2011, nimewaona wagonjwa wa namna hiyo kwa macho yangu, na kila mara humkumbuka yule mama na chai yake.

Na habari zake sikuzipata tena mpaka mwaka 2009. Mwaka huo, nikiwa bado Uskoti, maabara nyingi za Ulaya zilikuwa zimepatana juu ya kanuni za kuhifadhi maji ya mgongo: yazungushwe katika mashine ili chembe zishuke chini, yatiwe katika vichupa vya plastiki isiyonata protini, yafike katika nyuzi 80 chini ya sifuri kabla ya saa mbili kupita. Nilikuwa nimeibandika karatasi ya kanuni hizo juu ya friza kubwa. Barua ya Mwalimu ilikuja kwa posta, mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Picha mpya ya ubongo imeonyesha makovu matatu zaidi, aliandika, na moja katika uti wa mgongo; madaktari wameupa ugonjwa jina, lile lile nililomtajia ukumbini. Ameanza dawa. Siku mbili kwa wiki huenda shuleni kuwasomesha watoto wachache walio wazito wa kusoma. Halafu chini, kama mtu akumbukaye jambo dogo, aliongeza kuwa atakuja mjini mwezi ujao kuchotwa maji tena kwa matakwa ya daktari, na kwamba kama bado twahitaji, atatupa mengine.

Nilikuwapo asubuhi ile. Alilala ubavu, akajikunja, akakaza macho ukutani. Mguu wake wa kushoto ulitetemeka, muuguzi akauwekea mkono. Matone yalitoka moja moja, maangavu. Hakuniuliza neno juu yake, wala sikusema. Nilipokea kichupa, nikaandika saa, nikakiweka ndani ya barafu, nikashuka ngazi bila kungoja lifti. Baada ya mzunguko wa mashine niliyagawa katika vichupa vidogo saba, nikavitia nambari, nikafungua friza kubwa na kuvipanga katika safu ya pili, upande wa kulia. Saa ya ukutani ilikuwa nne na dakika kumi. Tangu kuchotwa zilikuwa zimepita dakika arobaini na mbili. Nikaliandika hilo pia.